Mlango Niliomfungia Alfayo

"Hii damu ni ya nani?"

Alfayo aligeuka kutoka jikoni. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya sanduku lake la bati, kipande cha kioo mkononi, na katikati ya kioo tone la damu lililokauka. Nilikuwa natafuta uzi nimshonee kifungo cha shati. Mwanamke anayekaribia kuolewa hujifanya mwenye nyumba mapema, na kimbelembele hicho ndicho kilichonifikisha sandukuni.

"Weka chini, Nyatichi. Itavunjika."

"Nimekuuliza ni ya nani."

"Ni yako."

"Yangu?"

"Ile siku ya kwanza nilikutoboa kidole. Kioo ilikuwa na ufa, daktari hawezi kuipokea. Sikuitupa."

"Kwa nini?"

Akacheka kwa haya. "Ndiyo siku ya kwanza nilishika mkono yako. Unataka niseme nini tena?"

Najua, wewe unayesoma ungeyeyuka papo hapo. Mimi nilishikwa na baridi mwili mzima. Kwetu Gusii, mtu akificha damu yako, au nywele zako, au kucha zako, huyo hakupendi. Anataka kukumaliza.

Ilikuwa mwaka 1931, kwenye shamba moja la chai juu ya Kericho. Alfayo, Mjaluo kutoka kando ya ziwa, alikuwa dresa, yaani msaidizi wa daktari, katika dispensari ya shamba. Kila mwezi alipita kwenye laini, zile nyumba zetu sisi wafanyakazi, akatoboa kila mtu kidole na kupaka damu kwenye kioo. Vioo vilipelekwa mjini kwa daktari, eti aangalie nani ana homa. Hivyo ndivyo alivyotueleza. Laini ilikuwa na maelezo yake, na maelezo hayo yalikuwa neno moja: mumiani.

Jioni ile ile tulikuwa tunaota moto, mimi na kaka yangu Ogeto, na jirani yetu Kebaso.

"Mumiani ni watu kama sisi," Kebaso alisema. "Wanalipwa na Mzungu. Wanakunyonya damu, inakaushwa, inauzwa kama dawa."

"Na hii chai je?" Ogeto akauliza. "Sisi tunachuma majani kijani. Wazungu wakiikunywa iko nyekundu. Hiyo rangi inatoka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Tulichuma chai tangu alfajiri, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuonja kikombe chake.

Sikumwambia Ogeto usiku huo. Nilimpenda Alfayo jamani, nilimpenda mpaka nilikuwa nasahau kapu langu shambani. Na Ogeto, aliyenilea tangu wazazi wetu wafe, alikuwa ameshakubali. Alisema, "Mjaluo ni Mjaluo, lakini huyu anakuheshimu." Kwa hiyo asubuhi nilikwenda dispensari nimpe Alfayo nafasi ajitetee.

"Sema ukweli. Wewe ni mumiani?"

Akashika kiuno, akacheka tena. Laiti asingecheka.

"Nyatichi, hiyo ni hadithi. Daktari aliniambia hata kwao Ulaya watu wanaogopa maiti inatoka kaburini kunyonya walio hai. Muhindi wa duka pale Kapsoit anasema kwao iko pepo inaning'inia kwa mti kule wanachoma wafu, inangoja watu. Kila nchi iko na yake. Nani amewahi kuiona?"

Alidhani ananiondolea hofu. Mimi nilisikia kingine kabisa. Kama Mzungu anaogopa, na Muhindi anaogopa, na Mgusii anaogopa, basi kitu chenyewe kipo. Nikatoka bila kuaga, nikaenda moja kwa moja shambani kwa kaka yangu.

"Ogeto, Alfayo ameweka damu yangu kwa sanduku."

Kaka yangu aliacha kuchuma.

"Umeiona na macho yako?"

"Nimeishika."

"Basi hakuna ndoa. Na asikanyage kwangu tena. Akikanyaga, mmoja wetu hatatoka mzima."

Habari ilikimbia laini nzima. Siku ya kutobolewa vidole ilipofika, akina mama walijifungia ndani na watoto wao. Alfayo alipita na kisanduku chake cha vioo mlango baada ya mlango, akabisha, akaondoka. Nilimchungulia kupitia ufa wa ukuta. Moyo uliniuma, lakini sikufungua.

Mvua zikaja, na homa nyuma yake. Ogeto na Kebaso walianguka siku moja. Ogeto alitetemeka mpaka kitanda cha fito kikawa kinalia. Nilipofungua mlango asubuhi nilikuta karatasi iliyokunjwa kizingitini, ndani yake vidonge vya kwinini. Misheni ilinifundisha kusoma kidogo, nikasoma:

"Nyatichi. Ogeto ameze viwili asubuhi, viwili jioni, siku tano. Hata kama unanichukia mimi, mpe. Tafadhali. Alfayo."

Nilivitupa motoni vyote.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, alikuja mwenyewe.

"Nyatichi, fungua."

"Nenda."

"Nasikia vile anapumua. Hiyo si pumzi ya mtu ako na siku nyingi. Fungua, nimpe dawa, niende."

Nilifungua kidogo tu, kiasi cha uso wangu. Alikuwa amekonda. Mkononi alishika chupa ya maji na kijiko.

"Ulichukua yangu," nikamwambia. "Sasa umekuja kuchukua yake?"

"Unaamini hivyo?"

"Naamini."

"Niangalie vizuri, halafu sema tena."

Nilimwangalia machoni. "Naamini."

Nyuma yangu Ogeto akaita kwa sauti nyembamba, "Nani huyo?"

"Hakuna mtu," nikajibu, nikafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo. Alfayo alibisha na kubisha. Mwishowe nikasikia hatua zake zikienda.

Kaka yangu alikufa kesho yake asubuhi, kichwa chake mapajani mwangu.

Tulimzika mchana ule ule nyuma ya laini. Aliyeshika jembe na kuchimba kaburi alikuwa Kebaso. Nilimtazama akichimba, nikadhani naota.

"Kebaso, si ulikuwa mgonjwa?"

Aliinamisha kichwa. "Dresa aliniletea vidonge. Nikameza kwa siri, nisionekane. Nisamehe, dada. Ningekuambia mapema."

Hapo ndipo nilipojua nilichokifanya, na hapo hapo mjomba wetu Nyamwange, aliyekuwa amefika kutoka shamba la jirani na wanaume watano, akapaza sauti.

"Huyo mumiani amemaliza kijana wetu! Anathubutu kuja kwa kaburi?"

Alfayo alikuwa amesimama kando, kofia mkononi. Wanaume walimshika. Mmoja aliinua rungu. Alfayo aliniangalia mara moja tu, kisha akatazama chini.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, nililifikiria. Angekufa yeye, na mimi ningebaki dada mwema aliyefiwa.

"Mjomba, mwachie!" nikapiga kelele. "Alileta dawa mara mbili. Ya kwanza niliichoma. Ya pili nilimfungia mlango. Ogeto aliuliza ni nani, nikamwambia hakuna mtu. Ni mimi nimemuua. Kama ni kupiga, nipigeni mimi!"

Rungu lilishuka polepole bila kumgusa mtu. Mjomba alinitazama kama mgeni asiyemjua. Hakunipiga. Alisema tu, "Kusanya vitu vyako. Hapa hukai tena."

Nilimkuta Alfayo kwenye njia ya dispensari, shati limechanika begani.

"Alfayo, nisamehe."

"Nimesamehe."

"Mjomba ananirudisha Gusii. Njoo na watu wako, hata mwaka ujao. Hata miaka. Nitakungoja."

Alinisogelea hatua moja, nikaanza kutumaini.

"Nyatichi, pale mlangoni nilikuambia uniangalie. Nilikuwa natafuta wewe ndani ya hayo macho. Hukuwa huko. Uliona mnyama amekuja kula."

"Ilikuwa hofu, Alfayo. Hofu tu."

"Najua. Nimekusamehe kweli, mbele ya Mungu. Lakini siwezi kulala nyumba moja na mtu amewahi kuniona hivyo. Kila siku ukiniangalia, nitakuwa nauliza unaona nani."

"Na kama nikiapa?"

"Usiape. Nenda salama."

Mjomba akaniita. Nikajitwika kifurushi cha nguo za Ogeto, nikamfuata. Tulitembea siku mbili, na kila tulipopumzika watu walinipa pole ya kaka yangu. Niliipokea. Pole ya Alfayo hakuna aliyenipa, kwa sababu yeye hakuwa amekufa.