Mume wa Kwenye Skripti

Siku ya usaili jengo lilijaa mpaka kwenye ngazi. Watu mia na ushee walikuja kugombea nafasi nne katika tamthilia ya televisheni, na kila mmoja alikuwa ameelekea ukuta wake, huyu akiutukana, yule akiubembeleza, mwingine akiulilia kabisa. Mpita njia asiyejua angedhani wamekosana na rangi ya jengo.

Katikati yao alisimama binti mwenye gauni la manjano. Gauni lilikuwa la dada yake, limebanwa mgongoni kwa pini tatu, maana dada alijaliwa kifua na yeye alijaliwa shingo. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kupokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Asubuhi hiyo aliomba ruhusa kwa uongo kwamba tumbo linamkata. Kusingizia jino asingethubutu.

Akarudi nyuma kumpisha mtu, kisigino chake kikatua juu ya kiatu cha mwanamume aliyeshika kikombe cha chai.

"Jamani! Samahani, kaka. Nimekuumiza?"

"Usijali, ninao mguu mwingine." Mwanamume akaangalia kikaratasi cha namba alichobandikwa binti kifuani. "Hamsini na moja. Utangoja kama saa mbili hapa. Acha kusema na ukuta. Haujibu, na ukizoea asiyejibu hutamsikia anayejibu."

"Haya, na wewe ni nani wa kunifundisha?"

"Mimi ndiye ukuta wenyewe," akasema, akaingia ndani na chai yake.

Kumbe alikuwa msomaji. Ndiye aliyekaa pembeni ya kamera na kumsomea kila mwigizaji maneno ya upande wa pili. Leo mume, kesho mama mkwe, keshokutwa askari. Alisoma kwa sauti bapa isiyopanda wala kushuka, asije akamfunika anayesailiwa. Waigizaji walimwita Ukuta, naye aliitika.

Zamu ya Hamsini na Moja ilipofika, alilia. Alilia kwa kwikwi, kamasi zikashuka, mwongozaji akamshukuru kwa adabu kubwa, na mwenye akili zake akishukuriwa hivyo anajua hana kazi. Ukuta alimkuta kwenye ngazi akijichomoa pini.

"Umelia vizuri sana," akamwambia. "Ila machozi umeyamaliza yote, sisi ukatuachia nini? Mwenye uchungu wa kweli hujizuia. Jizuie wewe, tulie sisi."

"Kwa hiyo nimekosa."

"Umekosa. Twende tukanywe chai."

Ndivyo walivyoanza. Sina la kuongeza, wengi wameanza kwa sababu ndogo zaidi ya hiyo.

Alimfundisha bila kujifanya mwalimu. Alimwambia ashike maneno yake huku anafua au anapiga pasi, kwa sababu maneno yanayoingia mwili ukiwa umekaa hutoka mwili ukisimama. Alimkataza kuomba radhi anapoingia chumba cha usaili, na akitoka asahau, atafute tangazo jingine la usaili. Alimtupia picha zake za kuombea kazi, zile zenye poda, akampiga nyingine mlangoni pa kliniki, uso mtupu. "Waite sura watakayoiona kesho yake," alisema. Na binti alipotaka kuacha kazi ili aigize tu, mwanamume alikuja juu.

"Uache? Kila siku watu thelathini wanakuletea sura za maumivu mpaka mezani, bure, wewe unataka kuzikimbia?"

"We mwanamume una maneno!"

"Ya watu. Yangu sina."

Alicheka aliposema hivyo. Binti hakucheka sana. Miezi sita sasa walikuwa wapenzi, shati jeupe la mwanamume linaning'inia nyuma ya mlango wa chumba cha binti, dada anamwita shemeji, na bado mtu huyu hajawahi kutamka nakupenda nje ya karatasi. Kwenye karatasi alitamka mara mia. Akiulizwa ana kwa ana, "Unanipenda wewe?" alikuna sikio na kusema, "Sasa mtu akuambie nini?"

Mazoezi yao waliyafanya kwa simu, saa ya chakula cha mchana, na yalikuwa na kanuni moja aliyoitunga mwanamume: hakuna kusalimiana. Mtu anayegombana hasalimii. Binti hupiga, huanza moja kwa moja, naye hujibu kama mume wa kwenye skripti. Wakati mwingine waliiacha karatasi wakatunga yao papo kwa papo. Wiki zile walikuwa kwenye mchezo wa mke anayemuaga mumewe kwenda kufanya kazi mbali.

Ndipo Jumatatu moja kliniki ikapigiwa simu ambayo haikuhusu meno. Kikundi cha maigizo kinachozunguka miji, kilichomsaili mwezi mzima nyuma naye akakisahau kama alivyofundishwa, kilimtaka. Miezi minane. Safari wiki ijayo.

Aliruka. Faili tatu zikaanguka. Kisha akakaa, akashika tama. Alimpenda yule mtu, alimpenda mpaka akajionea huruma, na pale pale akajiapia: akisema baki, nabaki. Neno moja tu.

Alimpigia mchana, na kwa haraka aliyokuwa nayo salamu ikampotea.

"Naondoka. Jumatatu ijayo. Miezi minane."

Upande wa pili ikajibu ile sauti bapa. "Nenda. Nani kakushika?"

"Hutaki nibaki?"

"Nyumba hii ilikuwepo kabla yako."

Machozi yakamlenga. Akageukia kabati la mafaili. "Sema neno moja tu, tafadhali. Moja. Nitabaki."

"Sina la kusema."

Binti hakujibu. Alisikia pumzi zake mwenyewe ndani ya simu. Halafu mwanamume akapasuka kwa furaha.

"Ewaa! Mpenzi, leo umeniua! Hapo kwenye neno moja nywele zimenisimama! Ila miezi minane umeikimbia. Vuta pumzi kwanza. Na ule ukimya wa mwisho usiuguse, mtamu."

"Nimekuelewa," akasema, akakata.

Angeweza kumpigia tena amwambie, bwana wee, mimi naondoka kweli. Hakupiga. Kilichomuuma ni kwamba alimwomba kwa moyo wake wote, na yule aliyemfundisha kutambua kilio cha kweli hakukitambua chake. Siku tatu simu iliita, hakuipokea. Dada alimwuliza kulikoni, akamwambia amwache apange nguo.

Alhamisi saa nne asubuhi mwanamume aliingia kliniki. Shati halikupigwa pasi. Alichukua namba kama wagonjwa wengine, akakaa kwenye benchi kati ya mzee mwenye pengo na mama aliyevimba shavu, akangoja foleni. Namba yake ilipofika akasimama mbele ya dirisha la mapokezi.

"Unaumwa jino gani?" binti akauliza bila kumtazama.

"Nimesoma skripti nzima. Kurasa sitini na mbili. Miezi minane haimo. Nikampigia dada yako." Akameza mate. "Amenitukana sana."

"Anajua kutukana. Nikuandike jino gani?"

"Mimi... sikiliza. Nilidhani... Kwa kuwa hukusalimia, nami nika... Aa! Sikujua. Wallahi sikujua." Akaiweka mikono juu ya meza, akaitoa. Watu kwenye benchi waligeuka wote. "Usiende. Nakupenda. Sijui kulisema vizuri, hakuna mtu amewahi kuniandikia. Usiende, mama, nitabaki na nani?"

Sauti ilikatika hapo. Haikuwa bapa hata chembe.

Binti akamtazama sasa. Neno alilokuwa akilingoja miezi sita lilikuwa limesemwa, mbele ya mashahidi, na alifurahi kweli. Akangoja ile nia yake ya kubaki iinuke, maana alijiapia. Haikuinuka.

"Nilijiapia," akasema taratibu, "ukisema tu nibaki, nabaki. Umesema. Na mimi bado nataka kwenda."

Mwanamume aliinamisha kichwa. Mama wa shavu alifyonya kwa mdomo wake uliovimba, akaguna kwa maumivu.

"Unanichukia?" binti akauliza.

"Nakuchukiaje?" Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Basi nenda. Nenda ukaigize. Ila nataka wakikuuliza huko una nani, usibabaike. Nije kwenu kujitambulisha ukirudi, au kabla?"

"Kabla," akasema binti, na sasa machozi yalimtoka, hakuyazuia. "Jumapili saa tisa. Mjomba atakuwepo. Njoo na mtu mzima wa kwenu, usije peke yako ukaanza kukuna sikio."

"Nitamleta shangazi."

"Mlete."

Akabaki amesimama pale, hajui aondoke vipi. Binti akajifuta kwa kiganja, akavuta kitabu cha foleni, akamwita mama wa shavu aingie kwa daktari.