Washa Kiberiti Ujue Ni Nani

Sogeeni karibu, majirani wa Thika na Ruiru, na aliye na simu mkononi aiweke chini kidogo, maana habari hii inamhusu.

Jioni ilikuwa tulivu katika Eneo la Viwanda Thika. Mashine za kukamua mananasi zilikuwa zimezimwa kwa mapumziko ya chai, na Mbithe aliketi kwenye benchi nje ya kiwanda, kikombe mkono huu, simu mkono ule. Hakuwa na wasiwasi. Binti yake wa miaka miwili, Carolyne, alikuwa Mwihoko kwa Mama Kimeu, jirani anayepanga chumba katika ploti moja naye, ambaye humlea mtoto huyo kama wake wa kuzaa.

Kazini aliitwa Mbithe, lakini mtandaoni alikuwa Mama Kicheko. Katika kundi la majirani kule Facebook, hakuna swali lililopita bila yeye kulitia chumvi. Mtu akiuliza nani ameona paka wake aliyepotea Membley, Mama Kicheko hujibu kwamba paka amechoka na sukuma wiki, amehamia kwa wenye nyama. Maelfu ya watu wasiomjua sura walimpenda. Aliyetaniwa naye kuliko wote ni mzee Amar, mfanyabiashara wa Thika, aliyeandika kila jibu kama barua: salamu mwanzo, asante mwisho. Mbithe alimbandika jina Mzee Barua, likashika. Mzee hakununa. Kesho yake alirudi palepale na habari zake za jioni.

Utani si dhambi, jamani. Ni chumvi ya ujirani. Lakini nani hula chumvi kwa kijiko?

Basi jioni hiyo likaja swali. "Jirani zangu, nimehamia ploti mpya na nasikia harufu ya gesi. Ni kawaida? Stima nayo imepotea." Aliyeuliza hakutaja mtaa, na jina alilotumia lilikuwa geni kwa Mbithe.

Mbithe hakufikiri. Vidole vilijua kazi yake. "Hiyo si gesi, ni jirani amekula maharagwe. Washa kiberiti ujue ni nani."

Chai haikuwa imepoa, na vicheko vilikuwa vimejaa tele. Wachache waliojibu kwa uzito walizama chini ya vicheko hivyo, hakuna aliyewasoma. Mwenye swali mwenyewe alicheka. "Mama Kicheko umenimaliza. Na vile giza linaingia, wacha nitafute hicho kiberiti."

Mwingine akamwambia atume picha ya harufu. Akatuma picha ya mlangoni pake. Mbithe aliifungua akiwa bado anatabasamu. Akaona tangi jeusi la maji. Akaona kamba ya nguo. Kwenye kamba akaona sweta ya njano yenye kifungo kimoja cha bluu, kifungo alichokishona yeye mwenyewe baada ya kile cha njano kupotea. Ilikuwa sweta ya Carolyne.

Kikombe kikamponyoka. Akampigia Mama Kimeu; mteja hapatikani, maana pasipo stima simu haina chaji. Akampigia mwenye ploti, hakushika. Akaandika: "Tafadhali usiwashe kitu. Hiyo ni gesi kweli. Mtoto wangu yuko hapo."

"Sasa ameleta na mtoto," mmoja akajibu. "Huyu mama hana breki."

"Si mchezo," akaandika. "Naapa."

"Wueh, leo ameamka vibaya. Endelea, tunasikiza."

Fikirieni hilo, ndugu zangu. Mtu anapiga nduru, na wanaomsikia wanampigia makofi. Tena ni yeye aliyewafundisha kupiga makofi hayo. Mbithe alilia pale kwenye benchi, na kilio hakiingii kwenye simu.

Kisha yakaja maandishi yaliyonyooka. "Habari za jioni. Dada huyu amenitania tangu mwaka jana na nayajua maneno yake. Leo hatanii. Wewe uliyeuliza, usiwashe kiberiti wala mshumaa. Toka nje, na ubishe milango ya wenzako watoke. Tafadhalini, sote tumwambie. Asante. Amar."

Hakuna aliyemtania mzee. Na hapo likatokea jambo ambalo Mbithe akilisimulia hadi leo sauti yake hushuka. Vicheko vilikatika. Majibu yakaanza kumiminika, usiwashe, toka nje, usiwashe, kutoka Membley, kutoka Githurai, kutoka Thika mjini, watu wasiojuana kwa jina wala kwa uso, wote wakisema neno moja. Wale wale waliocheka. Mbithe alitazama yakipanda hata asiweze kuyasoma, akashika kifua. Hakuwahi kujua kwamba ni watu wengi hivyo waliokuwa wakimsikiliza siku zote.

Ila mwenye swali hakujibu.

Dereva wa lori la kiwanda alimpakia bila kumuuliza mengi. Walipofika Mwihoko, wapangaji wote walikuwa nje barabarani, gizani, bila hata mshumaa. Mtungi wa gesi uliokuwa ukivuja chini ya ngazi ulikuwa umekwisha kupelekwa uwanjani. Mama Kimeu alisimama ukutani, na mgongoni mwake Carolyne amelala fofofo.

Kando yao alikuwa msichana aliyeshika kiberiti.

"Wewe ndiye mama yake?" akauliza. "Mimi ni Nafuna, nimeingia juzi. Nilikuwa nimeshatoa njiti. Simu ikaanza kulia, ikakataa kunyamaza, nikasema wacha nisome kwanza. Nikaona usiwashe, toka nje, nikakimbia kubisha milango bila kusoma mengine."

"Kumbe ni wewe uliyeuliza," Mbithe akasema.

"Niliuliza kwa sababu niliogopa. Halafu huyo Mama Kicheko akasema ni maharagwe, nikacheka mpaka woga ukaisha. Hata simlaumu. Hanijui, alikuwa anatania tu."

Mbithe angeweza kunyamaza. Nani angejua? Alimtazama mwanawe, akamtazama Nafuna.

"Ni mimi," akasema.

Nafuna akairudisha njiti ndani ya kiberiti, akakifunga, akakiweka kwenye kiganja cha Mbithe.

Usiku huo Mbithe alimwandikia mzee: "Habari za jioni. Mtoto wangu ni mzima. Asante."

Mzee akajibu: "Habari za jioni. Leo umeandika barua. Asante."

MAFUNZO

Tusiwaone wa mtandaoni kama watu wa hewani. Anayeuliza ana mlango, na nyuma ya mlango huo huenda amelala mtoto wako. Cheka na wenzako, lakini mtu akiuliza kwa hofu, mjibu kwanza, umtanie baadaye. Neno lako jepesi laweza kumtoa mtu woga ambao ungemlinda. Mbithe bado hutania, na kundi bado humpenda. Ila kiberiti kile kipo juu ya kabati lake, na kabla ya kumjibu mtu asiyemjua, hukitazama.