Mkono wa Kashindye

Kila walipopeleka pamba Usagara, Kashindye alitangulia akiwaongoza maksai, na baba yake, Mzee Machibya, aliketi juu ya mkokoteni. Wakikutana na gari, Kashindye aliinua mkono, na dereva naye akainua wake. Ndivyo walivyosalimiana watu wote wa barabara ile ya vumbi, awe mwenye lori au mwenye mkokoteni. Dereva akishusha kiganja mara mbili, alikuwa anaonya kwamba mbele kuna hatari.

Kisha wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, na malori yao yakaanza kuja. Dereva wao mmoja, kijana aitwaye Josephat, hakumsalimu mtu. Alipita kasi, akawaachia wenzake vumbi. Kashindye alimpungia wiki nzima, lakini hata kichwa hakutikisa! Kwani mtu wa mkokoteni si mtu?

"Simpungii tena yule!" Kashindye alifoka.

"Wewe mpungie tu," baba yake alijibu.

Asubuhi moja, walipokuwa wakivuka daraja la mbao, ubao uliooza ulivunjika na mguu wa maksai mmoja ukatumbukia. Walihangaika mpaka wakamtoa. Mzee Machibya alibaki kando ya barabara akimkanda mguu.

"Kimbia hadi kwenye kona," alimwambia binti yake. "Yeyote anayekuja, mwonye."

Kashindye alipofika kwenye kona, aliliona lori la Josephat likija kwa kasi ileile. Akaubana mkono wake ubavuni. Acha ajionee mwenyewe!

Mara akawaona akina mama waliopakiwa nyuma, mmoja amebeba mtoto mgongoni. Kashindye aliruka katikati ya barabara, akashusha viganja vyote viwili, tena na tena. Breki zililia. Lori likasimama karibu kumgusa.

"We mtoto, una wazimu?" Josephat alipiga kelele.

"Daraja limevunjika! Na nilitaka utumbukie! Kila siku nakupungia, unanipita kama kisiki. Nimewasimamishia hawa akina mama, siyo wewe!"

Josephat alitembea hadi darajani, akalitazama lile pengo na maji yaliyokuwa chini yake. Kisha akamwendea Mzee Machibya taratibu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe leo umeniona!"

Josephat aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Kwa pamoja walikata magogo, wakaziba pengo, na akina mama wakavuka kwa miguu kabla ya lori. Kashindye alikuwa bado amenuna.

"Mwanangu, una haki ya kukasirika," baba yake alimwambia. "Hata mimi amenikera. Salamu unaweza kumnyima mtu, lakini onyo usimnyime. Ungechelewa kidogo tu, sasa hivi tungekuwa tunaokota watu mtoni."

"Na kama angekuwa peke yake, baba?"

"Hata kama angekuwa peke yake."