Nafasi ya Kocha

Jumamosi, tarehe 4 Oktoba 1986, ilipambazuka kama Jumamosi nyingine yoyote mjini Tarrow, Pennsylvania. Bwana Wendell Krasicki, aliyestaafu ukarani wa masjala ya mahakama baada ya miaka thelathini na minane bila doa, alikwenda kwenye gulio la vitu vikuukuu nyuma ya kanisa la Kilutheri, akarejea na mpira mmoja wa besiboli.

Mpira ulikuwa umepakwa vanishi, kama walivyozoea watu wa zamani wakidhani wanauhifadhi wino, nayo vanishi ilikuwa imegeuka rangi ya chai kavu. Chini yake zilijificha saini za timu ya wachimba makaa ya mwaka 1927.

"Timu ya marehemu baba yako, mke wangu," alisema kwa fahari.

Verna, mikono ndani ya unga, aliangua kicheko. "Wenzangu huletewa maua. Mie naletewa mpira wa maiti!"

"Maiti hawana maneno mengi, mama."

"Wala hawakoromi," alijibu Verna. Lakini mpira hakuugusa, na unga ule aliukanda mpaka ukawa mgumu, haukufaa tena.

Kusoma saini zilizofifia ndiko kulikokuwa kustaafu kwa Wendell. Alifunga mapazia mchana kweupe, akawasha taa yake ya mwanga wa zambarau, akashika kioo cha kukuzia. Kila saini aliilinganisha na nakala za vyeti vya ndoa za wilaya, kwani mtu huweza kudanganya kila mahali, ila siku ya arusi yake huandika jina lake kwa uangalifu. Kufikia Jumapili jioni alikuwa ameyatambua majina yote kumi na moja.

Wote walikufa siku moja, Jumamosi tarehe 17 Septemba 1927, basi lao lilipotumbukia mtoni likiwapeleka mechini. Kocha wao, Emmett Dargan, baba yake Verna, alikuwa amepanda treni. Alifia kitandani mwake mwaka 1951.

Ndiyo maana pale mishono miwili ya mpira inapokaribiana, mahali ambapo wachezaji kwa desturi humwachia kocha wao atie saini, palikuwa patupu.

Jumatatu Wendell aliona maandishi madogo chini ya kila jina. Miandiko kumi na mmoja tofauti. Mingine ya mtu aliyesoma, mingine ya mtu aliyeshika sururu tangu utotoni. Maneno yalikuwa yale yale.

"Tumekuachia nafasi."

Chini ya jina la mwisho palikuwa na tarehe. Wendell hakuwahi kukosea kusoma tarehe maishani mwake. Alifuta kioo, akasoma tena. Ilikuwa 11 Oktoba 1986, Jumamosi ya wiki ile ile. Na vanishi juu yake haikuwa na ufa hata mmoja.

Jioni ile ile, katika nafasi ya kocha, ilijitokeza herufi V. Jumanne ikaongezeka e. Jumatano, r. Wendell hakuhitaji cheti cha mtu yeyote. V ile yenye mkia uliopinda alikuwa ameiona kwenye orodha za sokoni kwa miaka arobaini na miwili.

Alhamisi, iliposimama n, alimfuata mkewe jikoni.

"Verna," alinong'ona, "twende mjini Erie, kwa dada yako. Leo hii."

"Na keki za kanisa ataoka nani? Wewe, unayeunguza hata maji?"

"Baba yako alijua nini siku ile?"

Verna aliweka sahani chini polepole. "Fundi alimwambia breki hazishiki. Akawaamuru vijana wapande. Mwenyewe akakata tiketi ya treni. Aliniapisha nisimwambie mtu, nami nilikuwa mtoto tu."

"Basi tukimbie."

"Maji yale nayasikia tangu utotoni, mzee wangu. Hata Erie niliyasikia."

Ijumaa herufi a ilikamilisha jina. Wendell akavunja sheria ya kwanza ya kazi yake, ile ambayo hata mwanagenzi hufundishwa: wino mpya usiguse wino wa kale. Alichovya kalamu, akaandika jina lake mwenyewe juu ya jina la mkewe.

"Nichukueni mimi," alinong'ona.

Wino haukushika. Ulitiririka juu ya vanishi kama maji juu ya mafuta, ukadondoka mezani tone kwa tone. Chini yake, herufi ya kwanza ya neno la pili ilikuwa imeanza.

Jumamosi. Saa sita kasorobo mchana. Jua linawaka.

Honi ililia mara mbili.

"Basi la nani hilo?" aliuliza Wendell.

"Kaa, mzee wangu. Halijaja kwako."

Alitaka kuinuka. Mlango ulifunguliwa. Ukafungwa.

Alipofika nje, barabara ilikuwa kavu na tupu, majani ya vuli yametulia pale yalipoanguka. Jikoni, aproni ya Verna ilikuwa juu ya kiti. Fundo la mgongoni lilikuwa bado limefungwa.

Polisi walimtafuta mpaka theluji ilipoanguka, wakaacha.

Chini ya vanishi ile kuukuu, katika nafasi ya kocha, saini ilikuwa imekamilika: Verna Dargan. Na yale maneno madogo chini ya majina kumi na moja hayakuonekana tena.

Wendell alibaki karani. Alifungua mtoto wa meza, akatoa cheti chao wenyewe cha ndoa, cha tarehe 3 Juni 1944, ili alinganishe kama ilivyompasa. Muhuri ulikuwapo. Saini za mashahidi zilikuwapo, na yake pia.

Kwenye mstari wa bibi arusi hapakuwa na kitu. Hapakufutwa wala kukwanguliwa. Palikuwa laini, kana kwamba kalamu haijawahi kupita. Alipapitisha kidole.

Karatasi ilikuwa imelowa, na inanuka mto.