Kichuguu Walichokichagua Kuku

Kuku wetu walihama jaani. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona asubuhi ile. Kila siku wao huchakura takataka nyuma ya jikoni. Siku hiyo walikuwa karibu na boma la ng'ombe, kwenye kichuguu kidogo kisichofika hata kiunoni mwangu. Walikuwa wameinamisha vichwa upande, kama watu wanaosikiliza redio.

Nilisogea kutazama. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha mara moja tu, na jua lilikuwa limeshakausha ua wote. Lakini juu ya kichuguu kile kulikuwa na udongo mpya, mwekundu, mbichi. Nilitabasamu, nikachukua ndoo yangu, nikaenda mtoni. Sikumwambia mtu. Mimi si mtu wa kuongea.

Kwetu ni upande wa Uriri. Tunalima mahindi, na kaka yangu Bonface analima tumbaku kidogo. Wiki hiyo tulikuwa na mgeni. Dani, yaani nyanya yetu, alikuwa amekuja kutoka Mbita, anakoishi na shangazi. Jumapili angerudi.

"Huko ziwani ni samaki asubuhi, samaki jioni," Dani alilalamika. "Nimewala mpaka nikijikuna naogopa kutoa magamba. Mimi nimefuata ng'wen."

Ng'wen ni kumbikumbi. Mvua za kwanza zikinyesha, wao hutoka vichuguuni wakiruka. Sisi huwatega, tukawakaanga, tukala kwa ugali.

"Utakula, Dani," Bonface alimwambia. "Kichuguu changu ni kama nyumba ya ghorofa. Utashiba mpaka uote mabawa."

Kwetu kila kichuguu kina mwenyewe. Kile kikubwa kando ya shamba la tumbaku ni cha Bonface. Baba naye alikuwa na chake karibu na mto. Wasichana hatupewi. Baba husema kwamba tutaolewa, na kichuguu hakibebwi.

Ijumaa mchana Bonface alianza kukata fito za kujengea mtego. Jirani yetu Mama Phelesia akapita. Yeye huwafundisha wakulima wa kijiji chetu jinsi ya kutunza mashamba. Hawezi kupita mahali bila kuuliza swali.

"Bonface, fito za nini? Unajenga nyumba ya bibi harusi?"

"Bado, Mama. Natega ng'wen wa Dani, kwa kile kichuguu changu kikubwa."

"Kile ulichomwagia dawa mchwa walipokula miche yako ya tumbaku?"

Bonface aliacha kukata. "Hiyo ilikuwa msimu uliopita. Mvua imeshaosha."

"Imeosha wapi? Mvua haiingii huko chini kufua nguo," alisema Mama Phelesia. "Ile ni sumu ya kuua mchwa. Hukaa udongoni muda mrefu. Hata wakitoka wakiwa hai, hujui wamebeba nini mwilini. Unataka kumlisha Dani sumu? Twende tukakitazame."

Tulienda sote, Dani, Baba na Mama pia. Kichuguu kilikuwa kirefu kweli, lakini nyasi zilikuwa zimeota juu yake. Udongo wake ulikuwa mkavu, umepasuka. Upande mmoja kulikuwa na tundu pana. Bonface aliinama, akanyoosha mkono.

"Toa mkono!" Mama Phelesia alipiga kelele. "Tundu pana na laini namna hiyo si mlango wa mchwa. Huenda nyoka amehamia."

Dani aliegemea fimbo yake. "Kumbe mjukuu wangu alitaka kuniandalia sumu na nyoka kwa sahani moja!"

Tulicheka sana. Bonface alicheka pia, huku akifuta mkono wake kwenye suruali. Lakini kicheko cha Dani kiliisha mapema.

"Basi," alisema taratibu. "Nitarudi kwa samaki wangu."

"Bado, tutafute kingine," alisema Mama Phelesia. "Cha Baba Bonface je?"

Baba alikohoa. "Mwaka jana nilikichimba, nikitaka kuwapata haraka."

"Ukamuua malkia, na kichuguu kikafa. Haya, nani ameona kichuguu chenye udongo mbichi?"

Baba na Bonface walitazamana. Mimi nilitazama upande wa boma.

"Muulizeni Lynnet," Bonface alinitania. "Atawajibu mwaka ujao."

Nilimshika Dani mkono, nikaanza kutembea. Wengine walitufuata.

Kuku walikuwa bado wapo kwenye kichuguu kidogo. Mama Phelesia aliwafukuza, akachuchumaa. Alisogeza uso karibu na udongo. Kisha akapiga makofi.

"Njooni muone! Udongo huu ni wa juzi au jana. Mchwa wanatengeneza milango. Mnaona nyufa hizi nyembamba? Ndizo njia za kutokea. Na hawa wenye vichwa vikubwa ni askari. Wakikaa mlangoni, wenye mabawa wako karibu kutoka. Hapa hakuna aliyemwaga dawa?"

"Hakuna," alisema Mama. "Hapa ni mbolea ya ng'ombe tu."

"Basi mmepata. Msichague kwa ukubwa. Chagueni kilicho hai, na kilicho mbali na dawa."

Bonface alihamisha fito zake. Aliziinamisha juu ya kichuguu, tukazifunika kwa majani ya ndizi na blanketi kuukuu. Tuliacha mlango mmoja tu. Mbele ya mlango tulichimba shimo, tukaweka beseni ndani yake. Kichuguu chenyewe hatukukigusa.

Jumamosi alasiri mvua ilinyesha. Ilipokatika, jua likielekea kuzama, Dani alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake karibu na boma. Tuliwasha taa ya sola, tukaiweka juu ya beseni. Tukangoja.

"Wako wapi?" Bonface alinong'ona.

"Nyamaza wewe, watakusikia waogope," Dani alimwambia.

Kisha tukasikia sauti ya mabawa, kama mtu anayepekua karatasi. Wakatoka! Walifuata mwanga, wakagongana, wakaanguka ndani ya beseni. Wengine walitoroka chini ya blanketi, na kuku wakawakimbilia. Baba, mtu mzima, alikimbizana na kuku. Mama alicheka mpaka akashika tumbo.

Tuliwakaanga bila mafuta, kwa kuwa mafuta yao yanawatosha. Tulipepeta mabawa, tukatia chumvi. Dani alikula akiwa amefumba macho.

"Hawa hawana miiba," alisema, akaongeza tena.

Jumapili Dani aliondoka na mkebe wa ng'wen waliokaangwa na kukaushwa. Tulikuwa tunamsindikiza tulipopita karibu na kichuguu. Bonface alisimama.

"Baba, kile changu kimekwisha. Sasa nitachukua hiki."

Baba aliitikia kwa kichwa, kama jambo dogo.

"Hapana," nikasema.

Wote waligeuka. Dani alinitazama. "Umesema nini, mjukuu wangu? Sema kwa sauti."

"Nimesema hapana. Mimi ndiye niliyekiona kwanza. Kichuguu hiki ni changu. Ni kweli hakibebwi, lakini hata nikiolewa, nina miguu ya kurudi."