Abiria wa Kiti cha Nyuma

Jumamosi ile Gérard alikunywa chai yake pole pole, akajaza upepo kwenye velo, baiskeli yake, akapaka mnyororo mafuta, kisha akatangazia majirani wote, hata wale ambao hawakumuuliza, kwamba anaenda kumuleta mama yake. Ilikuwa mwaka 2002. Vita vilikuwa vimetujaza Bunia kama maharagi ndani ya gunia, na mtu aliyethubutu kwenda kilomita makumi mbili na tano upande wa Djugu, alale huko usiku mmoja na arudi, alionekana mwanaume. Gérard alipenda sana kuonekana mwanaume. Kuwa mwanaume ndiyo kazi iliyomshinda.

Tuseme ukweli. Siku walipokimbia kijiji chao, mama yake, Anastasie, hakuweza kukimbia. Mguu wa kushoto alikuwa anauburuta tangu miaka mingi. Velo ilikuwa na kiti kimoja tu cha nyuma. Gérard akafunga pale godoro na redio.

"Mama, nitakurudilia kesho," alisema.

Hiyo kesho ilimaliza wiki saba. Katikati habari ikafika kwamba mama amekufa peke yake ndani ya jiko lake, na wakulima waliojificha porini wamemzika nyuma ya nyumba. Siku hiyo Gérard alilia kwa nguvu kuliko wote, na redio ikawekwa chini ya kitanda ili wageni wasiione.

Dada yake Micheline hakumlaumu. Siye majirani ndio tulimlaumu, kwa sauti ya chini, kila jioni. Yeye alimuomba kitu kimoja tu: alete udongo wa kaburi, mama alale karibu na watoto wake, matanga yaishe. Katika ukoo wao jambo hilo lina njia yake. Unachota udongo kwa mikono, unaufunga ndani ya kitenge cha marehemu, unauweka kwenye kiti cha nyuma. Hupandi velo. Unaisukuma kwa miguu, kwa sababu unatembea na muzee. Na kila mto, kila njia panda, unamwambia: Mama, hapa tunavuka, Mama, hapa tunapita kuume.

"Usimuache mu njia, kaka," Micheline alisema. "Mara ya pili, hapana."

"Weye unaniona mutoto?" Gérard akajibu, na akaenda.

Alifika salama. Alilala ndani ya nyumba yao isiyo na paa tena, ameshiba ndizi za shamba la mama. Usiku, upande wa jiko, mtu alikohoa. Kikohozi kidogo, cha mtu asiyetaka kusumbua. Gérard alikijua tangu utoto wake. Alivuta blanketi mpaka juu ya kichwa.

"Kesho, mama," akanong'ona.

Asubuhi alichimba ule udongo kwa jembe, haraka haraka, hata sala hakumaliza. Akafunga kwanza mihogo kwenye kiti, mihogo mingi, kisha kitenge cha mama juu yake, na fundo legelege. Alisukuma velo mpaka mahali ambapo wale wakulima hawangemuona tena. Hapo mteremko mrefu unaanza. Akatazama nyuma, akatazama mbele, akapanda.

Velo ilishuka inaruka juu ya mawe. Chini kabisa ndipo aligeuza kichwa. Kitenge kilikuwa kinaning'inia kwenye kamba, kitupu. Udongo wote ulikuwa umemwagika huko juu, katikati ya kilima.

Kupanda tena ilikuwa nusu saa. Nusu saa tu, kwa mama aliyembeba mgongoni miaka miwili. Lakini kando ya njia palikuwa na tuta la udongo laini, refu, ambalo majani hayajaota. Mahali pale hapakuwa na shamba. Mwaka ule kila mtu wa kwetu Ituri alijua ni nani wanalala chini ya tuta la namna hiyo. Gérard pia alijua. Akachota viganja vinne, akafunga kitenge, safari hii vizuri.

"Udongo ni udongo," alisema.

Alipopanda, tairi ya nyuma ililala. Alishuka kuigusa, upepo ulikuwa umejaa. Akapanda tena. Velo ilikuwa nzito. Nzito ya mtu mzima. Alikanyaga. Alitoka jasho. Kitu kikapumua. Karibu na shingo yake. Hakugeuka.

Kwenye kizuizi cha wapiganaji, yule aliyekaa kando ya chupa za mandro, ile pombe ya kwetu, alinyoosha mkono bila kusimama.

"Karatasi."

Gérard akampa. Yule mtu akasoma, akainua macho, akaangalia nyuma ya bega la Gérard.

"Na huyu wa nyuma?"

"Niko peke yangu, chef."

Mpiganaji alisimama. Pombe ilikuwa imemtoka machoni. Akarudisha karatasi kwa ncha za vidole.

"Pita," akasema chini chini. "Umupeleke mbali na hapa."

Nyumbani wanawake walikuwa wanaimba. Micheline alipokea kitenge kwa mikono miwili, akakikumbatia, akalia.

"Ulimuambia njia yote?"

"Yote."

"Ulimutoa wapi?"

"Kwa kaburi," akasema Gérard, bila kupepesa macho.

Walizika ule udongo nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la Gérard. Micheline akamwaga majivu kutoka hapo mpaka kwenye mlango, kama desturi yao, ili asubuhi waone mama ameingia.

Asubuhi waliona. Alama zilikuwa za kiatu kikubwa, kiatu cha kijeshi. Zilitoka kwenye udongo na kufika mlangoni kwa Gérard. Ziliingia. Hakukuwa na za kutoka.

Gérard alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, ameacha nafasi kando yake. Midomo ilikuwa imekauka.

"Anauliza kwao ni wapi," alinong'ona. "Usiku wote. Anauliza mimi."

Hapo ndipo alisema yote, mteremko, fundo, tuta. Micheline alichukua velo na akaenda peke yake, anaisukuma kwa miguu.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Katikati ya kilima udongo wa kaburi ulikuwa umeoshwa, haukubaki hata wa kujaza kiganja. Lakini kwenye tope palikuwa na alama za miguu bila viatu. Midogo. Wa kushoto uliburutwa. Zilishuka upande wa Bunia mpaka kwenye lile tuta, pale Gérard alipochota, na hapo tope lilikanyagwa sana, kama mtu alisimama muda mrefu kutazama.

Kisha zikageuka. Zikapanda kilima pole pole, kurudi kwenye nyumba isiyo na paa.