Mafuta ya Mbuta Kwenye Tundu la Ufunguo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dolphine alipangusa pikipiki ya mama yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake nyumbani kwao Kisegi. Mama yake, Leonida, alinunua samaki ufuoni na kuwabeba kwa pikipiki hadi Ndhiwa. Bravin, kaka yake Dolphine, aliteka maji. Dolphine angebadilishana naye kwa furaha, kwa maana pikipiki ile ilimtia kinyaa. Magamba yalikauka juu ya kiti. Ute wa samaki uliganda kwenye vishikio.

Pabaya zaidi palikuwa tundu la ufunguo. Mama alifunga na kufungua kwa mikono iliyotoka kwenye samaki, basi utando wa kijivu ukajijenga pale, laini kama kamasi.

"Sugua hapo kwa mswaki wa zamani, na ufunguo wenyewe uupanguse," Mama alimwambia.

Dolphine aliitikia, lakini mswaki hakuugusa. Jikoni kulikuwa na chupa ya mafuta ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Pale Kisegi mafuta hayo hukaangiwa mboga, hupakwa miguuni, hata hulainisha bawaba za mlango. Dolphine aliichukua chupa, akageuza uso ili asione, akayamimina tunduni.

Kwa siku chache ufunguo uliteleza vizuri, na Mama akamsifu. Kisha vumbi la barabara likanasa kwenye mafuta, na mafuta yenyewe yakaanza kuchacha.

Jumamosi Mama alifunga kreti la mbuta nyuma ya pikipiki. Damaris, mwenye hoteli kule Ndhiwa, alikuwa na wageni wa kanisa siku hiyo. Samaki wakichelewa angenunua kwa mtu mwingine, na jua lilikuwa limeshaanza kuwaka. Mama alisukuma ufunguo. Uliingia nusu, ukakwama. Usukani ulikuwa umefungwa kabisa.

"Nani amezika paka hapa?" Bravin aliuliza, akiziba pua. "Dolphine, umeoga kweli?"

"Nyamaza wewe."

Bravin alileta koleo ili aulazimishe ufunguo.

"Weka hiyo chini," Mama alisema. "Ufunguo ukivunjikia humo ndani, hawa samaki tutawazika hapa uani."

Inzi walikuwa wameanza kutua kwenye kreti. Mama aliuchomoa ufunguo taratibu, akainama akaona sisimizi wakiingia tunduni kwa mstari. Akanusa, akageuka na kutema mate.

"Haya ni mafuta ya mbuta. Bravin, ni wewe?"

"Mimi? Mimi hiyo pikipiki hata siigusi."

Dolphine alitazama miguu yake. "Ni mimi, Mama. Sikutaka kushika ule uchafu."

Mama hakumgombeza. Alimpa mswaki tu.

Kile kilichotoka humo kilikuwa kibaya kuliko utando wa kwanza. Kilikuwa tope jeusi lenye magamba na sisimizi waliokufa, likivutika kama mlenda, na harufu yake ilimpanda Dolphine hadi machoni. Alijiziba mdomo kwa kiwiko.

"Ukitapika, tapika kule kwenye migomba," Mama alisema. "Ukimaliza, urudi."

Hakutapika, lakini alikaribia. Alipomaliza kusugua, Mama alileta petroli kidogo kwenye kifuniko cha soda, mbali na jiko, akaidondosha tunduni. Mama aliingiza ufunguo na kuutoa, Dolphine akaupangusa kwa kitambaa, wakarudia hivyo mpaka kitambaa kikatoka safi. Kisha wakasubiri tundu likauke.

"Sasa lete penseli yako ya shule," Mama alisema.

"Penseli?"

"Sugua ncha yake pande zote za ufunguo. Ule unga mweusi unalainisha kufuli, na haunasi vumbi kama mafuta."

Dolphine alisugua. Mama aliingiza ufunguo, akautoa, akauingiza tena. Mara ya kwanza haukuzunguka. Aliutikisa taratibu bila kutumia nguvu, na usukani ukafunguka.

Mama alifunua kreti akatazama mashavu ya samaki. Yalikuwa bado mekundu. "Damaris atapata samaki wake," alisema. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika ufunguo tena, kisha akamgeukia Dolphine, ambaye alikuwa akinusa vidole vyake na kukunja uso.

"Nyathina, mwanangu, kuona kinyaa si kosa. Hata mimi ninaona, na kunawa kabla ya kushika ufunguo ilikuwa kazi yangu. Lakini uchafu hauondoki kwa sababu umegeuza uso. Wewe uliumiminia mafuta, ukaulisha, nao ukanenepa. Uondoe kabla haujakua, hata kama unanuka."